Kushona kumbukumbu za mtaa: mwongozo wa mfarishi wa leso

Leso yenyewe, yaani kanga, ilianza kwa kuungwa vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso za mkononi zikiwa bado kwenye jora, hazijakatwa moja moja. Walizikata tatu tatu, wakaunga safu ya juu na ya chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa pamoja, yenye pindo (ukingo) na mji (sehemu ya katikati), na baadaye jina (maneno yanayochapwa juu yake). Hapa Mombasa duka la Mali ya Abdulla pale Biashara Street linauza leso tangu 1887. Kwa hivyo mtu anayekata nguo kuukuu na kuziunga upya ili zisimulie jambo hajaleta ufundi wa kigeni mjini.

Mfarishi ninaoueleza hapa, yaani tandiko la tabaka za nguo zilizoshonwa pamoja, ni wa vipande 12. Unashonwa na watu wa mtaa mmoja kutokana na leso, vikoi, kanzu na nguo nyingine walizonazo ndani, na kila kipande kinabeba habari moja ya mtaa huo. Nauandikia sasa kwa sababu mitaa inabadilika haraka. Nyumba za zamani za Buxton zimebomolewa. Majengo na Bondeni nyumba za Kiswahili zinaondoka moja baada ya nyingine na maghorofa yanapanda mahali pake, na wazee wanaojua nani aliishi nyumba ipi wanazikwa pamoja na habari zao. Picha za zamani ni nyumba chache zilizonazo. Leso iko kila nyumba, imekunjwa sandukuni, na aghalabu yuko mtu mmoja tu anayejua ilitoka wapi.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: habari kwanza, mkasi baadaye. Kipande kikishonwa vizuri namna gani, bila maelezo ni kitambaa tu. Ndiyo maana hatua mbili za mwanzo hazina sindano kabisa.

Hatua ya kwanza: punguzeni mada

Historia ya Mombasa haiingii kwenye vipande 12. Ngome ya Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596, imeandikiwa vitabu, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Haihitaji mfarishi wenu. Kinachouhitaji ni kile ambacho hakuna aliyekiandika: mfereji (bomba la maji) wa mtaa ulikuwa wapi, nani alikuwa akipika mahamri alfajiri, mwembe gani ulikatwa na kwa sababu gani, chuo cha Kurani kilikuwa kwenye ua wa nani, harusi kubwa ilipigiwa turubali wapi.

Chukueni mtaa mmoja, au hata kichochoro kimoja cha Kibokoni au Kuze. Watu wa Kisauni wanaweza kuanzia Kengeleni, pale kengele ya Frere Town inaposimama mpaka leo. Makao hayo yaliwekwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na wako waliofika hapo kutoka India walikokuwa wamelelewa. Watu wa Likoni wana feri. Wa Kongowea wana wazee wanaokumbuka kuvuka kwa daraja la kuelea la Nyali, lililotumika tangu 1931 mpaka daraja la sasa lilipofunguliwa 1980. Kila moja ya hizo inatosha kuwa mfarishi mzima.

Na msiba je? Msiba nao ni historia. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, na ng'ambo ya Likoni kuna nyumba ambazo tarehe hiyo haijapita. Mtaa ukitaka kushona jambo kama hilo, ushone, lakini jina la marehemu lisiguswe mpaka wenyewe wakubali, na wao ndio wachague nguo. Marekani, mwaka 1987, watu waliofiwa kwa ukimwi walianza kushona vipande vya futi tatu kwa sita, kila kimoja kikiwa na jina la mtu. Oktoba mwaka huohuo vipande 1,920 vilitandazwa uwanjani Washington. Vingi vilikuwa na jina na nguo aliyoipenda marehemu, basi. Msijilazimishe kuchora meli inayozama. Jina na kipande cha leso yake vinatosha.

Hatua ya pili: kukusanya habari

Wakati mzuri ni baada ya Alasiri. Asubuhi watu wako sokoni na jikoni, na usiku wazee huchoka. Wanaume utawapata barazani penye kahawa. Kwa kina mama ingia ndani na utoe taarifa siku moja kabla, maana kufungua sanduku la leso mbele ya mgeni ni jambo la kujitayarisha.

Usiende ukauliza, "Nielezee historia ya mtaa." Utajibiwa kwa yale yale yanayojulikana na kila mtu. Nenda na nguo mkononi, au iombe kwanza itolewe, kisha uliza juu ya hiyo nguo:

"Shikamoo bibi. Leso hii ulipewa na nani?"
"Siku hiyo palikuwa na nini?"
"Ulikuwa ukikaa nyumba gani wakati huo? Jirani yako wa kulia alikuwa nani, na wa kushoto?"
"Leso hii nani mwingine alikuwa nayo sare?"
"Mbona hukuigawa ukabaki nayo?"

Swali la majirani usiliache. Ukiliuliza kwa watu watano wa safu moja ya nyumba, utapata ramani ya mtaa jinsi ulivyokuwa, na mahali ambapo majibu hayapatani ndipo pa kurudi na kuuliza tena. Swali la sare nalo lina faida yake: leso za sare za harusi zilinunuliwa na ukoo mzima na marafiki, kwa hivyo leso moja itakupeleka kwenye milango mingine mitano.

Miaka wengi hawaikumbuki, na ukiwashikilia sana watakupa mwaka wowote ili uridhike. Tumia vigingi vya wakati: kabla ya uhuru wa 1963 au baada yake, kabla ya daraja jipya la Nyali, wakati wa mvua za El Nino za 1997, mwaka wa feri ya Mtongwe, kabla ya treni mpya ya 2017. Andika hivyohivyo, "kabla ya daraja", wala usibadilishe kuwa mwaka uliokisia mwenyewe.

Rekodi kwa simu ukishapewa ruhusa, na uandike kwenye daftari papo hapo. Maneno yaandike yanavyotoka. Bibi wa Mji wa Kale akisema ndia na mato, yaani njia na macho, andika ndia na mato. Akisimulia kwa Kidigo au Kigiriama, mrekodi kwa lugha hiyo na utafute mtu wa kuandika anayeielewa vizuri. Lahaja ni sehemu ya kinachohifadhiwa.

Mwisho wa mazungumzo mwulize wazi mambo mawili: je, habari hii isomwe na watu wote, au kuna sehemu ya kubaki nyumbani? Na je, jina lako liandikwe? Majibu yote mawili yaingie daftarini. Mtaa ni watu wanaoendelea kuishi pamoja, na aibu ya nyumba ya mtu haishonwi ikatundikwa ukutani.

Hatua ya tatu: kupata nguo bila kumdhulumu mtu

Hapa ndipo watu wengi hukosana, kwa hivyo sitaharakisha.

Nguo za marehemu ni mali ya warithi. Aliyezitunza sandukuni si lazima awe ndiye mwenye haki ya kuzitoa, na hata leso moja kuukuu inahitaji ridhaa ya ndugu wote, pamoja na yule anayeishi Jeddah au Nairobi. Pigeni simu. Usiende kuomba nguo wakati wa matanga, na mjane aliye edani umwache mpaka atoke. Lakini pia msichelewe mno, kwa sababu nyumba nyingi hugawa nguo za marehemu kuwa sadaka, na zikishatoka hazirudi. Mwambie mapema mtu mzima wa nyumba hiyo kwamba mtaa unatafuta kipande kimoja tu, akiwekee kando.

Mwenye leso akisema isikatwe, isikatwe. Ipige picha ikiwa imetandazwa yote, halafu tumia nguo nyingine ya wakati uleule au uchore alama zake kwa uzi. Leso iliyobaki moja tu ya aina yake pia isikatwe, hata mwenyewe akiruhusu. Na nyingine zote zipigwe picha nzima kabla ya mkasi, futi ikiwa imewekwa ubavuni ili ukubwa uonekane.

Wakati wa kukata, chukueni pembeni penye pindo au sehemu ya mji iliyo mbali na jina. Jina lisikatwe katikati. Kama jina ndilo lenye habari, kwa mfano leso mtu aliyopelekewa na shoga yake baada ya ugomvi, basi litolewe lote na litafutiwe kipande cha kulitosha, hata ikibidi livuke vipande viwili. Kisutu cha harusi mara nyingi hakina jina. Utakitambua kwa wekundu, weusi na weupe wake, na karibu kila nyumba ya zamani ilikuwa nacho. Kipande cha kisutu hakihitaji kuchorwa kitu juu yake. Kiache kama kilivyo, darizi chini yake jina la bibi arusi.

Angalizo la dini: leso yenye jina la Mwenyezi Mungu, au kitambaa chenye aya, kisiingie kwenye mfarishi utakaokaliwa au kutandikwa. Kama wenyewe wanataka kiwemo, amueni tangu mwanzo kwamba huu ni wa ukutani tu.

Kisha fueni. Leso mpya ina wanga na hutoa rangi, hasa nyekundu na nyeusi. Loweka kila moja peke yake kwenye maji baridi, suuza, rudia mpaka maji yatoke safi. Chumvi na siki watu husifu sana, lakini usivitegemee kwa rangi za leso za siku hizi. Kipimo cha kweli ni kuchukua kitambaa cheupe kibichi ukakisugua juu ya leso iliyofuliwa. Kikibaki cheupe, endelea. Kikishika rangi, rudi kwenye beseni. Leso moja inayotoa rangi itaharibu vipande vyote 12 siku ya kwanza mfarishi ukilowa. Nguo kuukuu sana usiisugue. Iloweke, iminye kwa kiganja, ianike kivulini ikiwa imelazwa. Ukiiinua kwenye mwanga ukaona imechakaa mpaka nyuzi zimeachana, ishikize kwa kitambaa chembamba cha marekani nyuma kabla ya kuikata.

Hatua ya nne: vipande 12

Vifaa ni vya kawaida: mkasi mkali usiokatia karatasi, sindano za mkono, subana ya kidole, pini, chaki ya fundi, futi, pasi, uzi wa pamba na marekani. Cherehani ikiwepo itawafaa kwenye kuunga safu, lakini si lazima.

Kila kipande kikatwe inchi 13 kwa 13. Nusu inchi kila upande itaingia kwenye mshono, na kitakachoonekana ni inchi 12. Kateni ubao wa boksi wa kipimo hicho na wote wautumie huohuo, kwa sababu kila mtu akipima kwa futi yake safu hazitakutana.

Mpeni kila mshonaji kipande chake na habari yake akashone nyumbani. Si lazima wote wachore picha. Wako watakaounga vijipande vya leso tatu za dada watatu, wako watakaodarizi maneno, na wale mabingwa wa kudarizi kofia za vito kwa mkono wapeni kazi ya majina, maana vidole vyao vimezoea matundu madogo na mishono iliyolingana.

Kwa picha, njia rahisi ni kubandika nguo juu ya nguo. Tuchukue kipande cha mfereji wa mtaa. Sakafu ni kaniki, kwa sababu ni nyeusi na itaonyesha kila kitu. Mfereji unatoka kwenye kanzu kuukuu iliyofifia ikawa rangi ya kijivu, na ndoo inatoka kwenye pindo la leso ya njano. Chora umbo la ndoo kwenye karatasi ngumu, likate. Liweke upande wa nyuma wa nguo ya njano, zungushia chaki, kisha kata ukiacha robo inchi nje ya alama. Penye mviringo wa chini piga mkasi vijikato vidogo kwenye hiyo robo inchi, bila kufika kwenye alama, ili nguo ikunjike pasipo kufanya mafundo. Kunja ukingo uingie ndani juu ya karatasi, piga pasi, toa karatasi, bandika kwa pini juu ya kaniki. Shona kwa uzi wa njano: sindano itoke kwenye ukingo wa ndoo, ishuke kwenye kaniki palepale ilipotokea, ipite chini kidogo, itoke tena kwenye ukingo. Ukishona hivyo uzi hauonekani. Maji yafanye kwa uzi mweupe, mistari mitatu tu. Foleni ya ndoo ionyeshe kwa ndoo tano za leso tano tofauti, kila moja ya nyumba moja, na hapo tayari umewaandika majirani watano bila kuandika neno.

Maneno yawe machache. Jina la leso huwa fupi na huandikwa kwa herufi kubwa, na mtindo huo unasomeka hata kutoka ng'ambo ya chumba. Habari ndefu ina mahali pake, nitafika huko. Kwenye pembe ya chini kulia ya kila kipande darizi namba, 1 mpaka 12, ndani ya mstari wa mshono isije ikamezwa.

Hatua ya tano: kuunga

Tandazeni vipande chini, vinne kwa upana na vitatu kwa urefu. Kabla ya kuvipanga kwa uzuri wa rangi, jaribuni kuvipanga kama mtaa ulivyo: upande wa bahari ubaki wa bahari, msikiti au kanisa mahali pake, duka la kona kwenye kona. Rangi zikigombana sana badilishaneni viwili vitatu, lakini mimi ningevumilia rangi zigombane kuliko kuhamisha nyumba ya mtu.

Unga safu kwa safu, pasi ya mshono wa safu ya kwanza ilale kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, ndipo makutano yasifanye donge. Safu tatu zikiungana una nguo ya inchi 49 kwa 37. Ongeza pindo la inchi tatu: mawili ya inchi 49 juu na chini, kisha mawili ya inchi 41 ubavuni. Kila mshono hula inchi moja, nusu kila upande, kwa hivyo sasa ni inchi 53 kwa 41. Kwa pindo hili nguo ya rangi moja ndiyo bora, kwa sababu ndani tayari kuna maua na nukta za kutosha.

Hatua ya sita: mgongo, tabaka na kudarizi

Vipimo hivyo sikuvichagua ovyo. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, yaani inchi 59 kwa 43, kwa hivyo mgongo wa mfarishi huu unakuwa leso moja nzima, na jina lake likabaki zima. Mtaa uchague leso hiyo kwa mashauriano. Pimeni baada ya kuifua, kwani hurudi kidogo. Ikirudi sana, punguzeni pindo la mbele.

Tabaka la katikati lisiwe zito. Pamba nene ni ya nchi za baridi; kwa joto letu shuka kuukuu la pamba au kikoi kilicholainika kinatosha, na ni nguo nyingine ya mtaa iliyoingia ndani ya kazi.

Tandika mkeka. Lalisha leso ya mgongo kifudifudi, jina likiwa upande wa chini. Juu yake weka shuka, juu ya shuka weka vipande vikitazama juu, chini yake ikiwa upande uleule wa jina. Ukifunua mfarishi kama ukurasa, jina linatakiwa lisomeke vizuri, sio kichwa chini. Hakikisheni hilo sasa hivi, maana baadaye ni kufumua. Piga bandi kwa mishono mirefu kutoka katikati kwenda kingoni, mistari ikipishana inchi tano au sita, ili mikunjo isukumiwe nje.

Kabla ya kudarizi, pitisha pini kutoka nyuma kuzunguka sanduku la jina. Upande wa mbele utaona pini zinavyochungulia, na ndani ya mpaka huo fuata mishono ya kuungia vipande pekee, usikatize herufi. Kwingine darizi mishono midogo ya kwenda mbele, inayopita tabaka zote tatu, kutoka katikati kwenda nje. Kina mama wanne wanaweza kukaa, kila mmoja upande wake, mfarishi ukiwa mapajani mwao. Cherehani hapa siipendekezi: mguu wake huburura tabaka la juu, na huwezi kuzungumza ukasikilizana. Mazungumzo ya siku hizi za kudarizi huleta habari ambazo hazikutoka kwenye maswali, kwa hivyo simu ya kurekodia na daftari viwe karibu.

Iko njia nyingine, ya Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika. Wao hutengeneza mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu, nyingi za sari. Huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, vipande na darizi vikienda pamoja, na kila pembe huwekwa vijipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani ua. Ni kazi nzuri mno kwa mtu mmoja anayeshona nyumbani kwake kwa ajili ya wajukuu wake. Kwa mtaa mzima vipande 12 vinafaa zaidi, kwa kuwa kila mtu anakwenda na chake.

Kumaliza: leso ya mgongo itakuwa imezidi. Ipunguze ibaki inchi moja nje ya kila ukingo, ikunje nusu inchi, ikunje tena ije mbele, ishone kwa mshono uleule wa ndoo. Vitambaa vilivyokatwa msivitupe, vitaingia daftarini.

Hatua ya saba: daftari

Marekani aliishi mwanamke aitwaye Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha mfarishi wa picha za Biblia kwenye maonyesho ya pamba. Baadaye shida ilimlazimisha kuuuza kwa dola tano kwa Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, na wakati wa kuukabidhi alimweleza kila picha, naye Smith akaandika. Mfarishi wake wa pili una picha ya nyota zilizoanguka Novemba 1833, miaka minne kabla hajazaliwa. Habari hiyo alirithi kwa wakubwa zake. Maelezo ya mfarishi huo nayo yaliandikwa, ndiyo maana leo kwenye makumbusho ya Washington na Boston watu wanajua wanachokitazama.

Nunueni daftari lenye jalada gumu. Kila namba ipewe kurasa zake: aliyetoa nguo, nguo ilikuwa nini, mshonaji ni nani, habari yenyewe kwa maneno ya msimulizi, kigingi cha wakati, ruhusa aliyotoa, na kijipande cha nguo kilichoshonewa kwenye ukurasa. Mambo mawili yakipingana, yaandikwe yote mawili na majina ya waliosema. Ukurasa wa mwisho uwe na ramani ya mtaa kwa mkono. Toeni nakala tatu: moja ikae na mfarishi, moja shuleni au maktaba, moja kwa familia itakayokubali kuitunza. Sauti zilizorekodiwa ziwekwe mahali pawili tofauti, maana simu hupotea.

Nyuma, pembeni, shoneni kipande cha marekani kilichodariziwa jina la mtaa, mwaka wa kushona na maneno "Maelezo yako daftarini", pamoja na mahali daftari linapokaa.

Kuutunza

Adui wa nguo hapa kwetu ni unyevu, jua na wadudu. Usiuweke kwenye mfuko wa plastiki, utashika ukungu. Uviringishe kwenye marekani iliyofuliwa bila wanga, kwa kuwa mende hupenda wanga, na uviringishe badala ya kuukunja ili alama za mikunjo zisikate nyuzi. Ukiutundika, uwe mbali na dirisha, na nyuma ya ukingo wa juu ushonewe njia ya kupitishia fimbo ili uzito usining'inie kwenye misumari miwili. Usiufukize udi juu ya chetezo kama nguo za kuvaa, moshi unaacha masizi, na asumini zisiwekwe ndani yake, zikinyauka zinaacha madoa. Utoleni nje kivulini wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, na masika yasiukute umefuliwa.

Amueni pia kwa maandishi nani anaushika, kwa muda gani, na nani atoe ruhusa ukiombwa kwa harusi, shule au maonyesho. Waweza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mwaka kwa mwaka, kila mwenye zamu akiweka sahihi kwenye daftari siku ya kuupokea na siku ya kuutoa, na akiandika hapohapo habari yoyote mpya ambayo mgeni aliyeutazama ameileta.